Hema la Watu Wanne

Jamani, hii habari wengine mnayo tayari kwenye simu zenu. Mmemwona mwanamke kapiga magoti kwenye tope pembeni ya bwawa, kanga moja begani, nyingine haijulikani ilipo, nyuma yake watu kama arobaini wamesimama kimya na ngoma zao, na chini ya video mtu kaandika, "Mwalimu kaumbuka." Huyo mwalimu ni mimi. Nimechoka kuulizwa sokoni, na nimechoka zaidi kusikia watu wanaisimulia kwa kuongeza chumvi mbele yangu (juzi kwenye foleni ya mashine ya kusaga kuna mama alinisimulia mimi mwenyewe mkasa wangu mwenyewe, akasema yule mwanamke alikuwa kamtorosha mume wa mtu), kwa hiyo leo nasema yote, na aibu niione hapa hapa nikiwa nimekaa.

Mimi nafundisha shule ya msingi hapa Nachingwea, darasa la nne. Nina watoto wawili wa kiume, Shamte wa miaka kumi na mitatu na Yusufu wa tisa, na mume wangu ni Mrangi wa Kondoa, fundi umeme, mtu mpole asiyependa makuu, alikuja huku Kusini kufunga nyaya za watu akafungwa yeye. Sasa mwaka jana, mwezi wa tano, niko kitandani nachezea simu, nikaona video ya familia moja imepiga kambi pembeni ya ziwa, hema dogo la rangi ya chungwa, moto unawaka, watoto wanacheka, mama kakaa kwenye kiti cha kukunja anakunywa chai hana hata presha. Nikasema, na mimi ni mama, kwa nini nisikae hivyo?

Na bahati mahali tunapo. Upande wa Nanganga kuna bwawa moja kubwa kiasi kwamba sisi tunaliita ziwa, na pembeni yake mtu kajenga sehemu ya mapumziko, vibanda vya makuti, nyama choma, boti za kuendesha kwa kukanyaga, na uwanja wa kupiga kambi chini ya miti. Nikamwamsha mume wangu.

"Baba Shamte, shule zikifungwa twende tukalale bwawani. Kwenye hema."

"Hapa ndani kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Basi tulale ndani."

Nilimfanyia kazi siku tatu mpaka akakubali, akaazima hema kwa fundi mwenzake na gari ya kutupeleka. Mimi nikashika mipango yote, maana mipango ndiyo starehe yangu, nikapanga ratiba kwenye daftari na kuipigia mistari kwa rula. Watu wanne tu, siku mbili, kimya, sisi na watoto wetu. Hakuna wageni.

Hapo kwenye "hakuna wageni" ndipo penye shida, maana mimi nina kaka.

Kaka Issa anakaa Mbekenyera, analima korosho na ufuta. Baba yetu alifariki nikiwa darasa la tano, na Kaka Issa ndiye aliyenisomesha mpaka chuo cha ualimu, akanipeleka mwenyewe siku ya kwanza, godoro langu kichwani kwake toka stendi mpaka bwenini, wanafunzi wenzangu wanamtazama na yeye hana habari nao. Na kwetu Wamwera mjomba si mtu wa kuleta pipi akaondoka. Mjomba ndiye mwenye watoto. Baba atalisha, atavisha, atalipa ada, lakini siku ya jambo lenyewe la mtoto anaulizwa mjomba, na jambo kubwa kuliko yote kwa mtoto wa kiume ni jando, mwezi wa sita shule zikifungwa, watu wakishavuna, mjomba anawapeleka wapwa zake porini, wanakaa na wazee, wanafundwa, wanatoka watu wengine.

Sasa mimi, na usomi wangu, wanangu walipokuwa wadogo niliwapeleka hospitali. Tohara asubuhi, mchana tumerudi nyumbani na soda. Kaka Issa nilimwambia baada ya wiki mbili, kwa simu, tena katikati ya habari za mvua. Akasema, "Sawa, mwalimu." Hakuniita mdogo wangu. Nikajua imemuuma, nikasema itapita, ikakaa miaka saba.

Lakini mwaka jana sikuwa nawaza hayo. Nilichokuwa nawaza ni kwamba Kaka Issa hajui kwenda mahali peke yake. Ukimwalika chakula cha mchana anakuja na mkewe Wifi Hadija, na wifi anakuja na dada zake, na dada zake wanakuja na kuku. Kwa hiyo alipopiga simu wiki moja kabla shule hazijafungwa, akaniuliza, "Wapwa zangu wanakuja lini huku?" mimi, bila kupepesa macho, nikamjibu:

"Mwaka huu wana tuisheni, kaka."

"Likizo nzima?"

"Nzima."

"Haya. Wasome."

Nikakata simu nikaendelea kupiga mistari kwa rula, najiona nina akili.

Maandalizi yakaanza. Kwanza nywele. Shuleni kulikuwa na mapunye, nikasema sitaki kukaa porini na watoto wanaojikuna, nikawapeleka kinyozi wote wawili wakanyolewa upara, unang'aa. Pili, kwenye ile video watoto walikuwa wanalala kwenye mifuko ya kulalia, na huku kwetu utaipata wapi, nikanunua kitambaa cha marekani, nyeupe ile nzito, nikampelekea fundi cherehani wangu pale sokoni.

"Unataka mbili tu?" akauliza.

"Mbili, za watoto wangu wa kiume. Wanakwenda porini siku mbili. Lakini usimwambie mtu, sitaki watu wajue."

Fundi akatazama kitambaa, akanitazama mimi, akatabasamu kwa heshima. "Hongera sana, mwalimu."

Nikadhani ananipongeza kwa likizo. Nikasema asante.

Tatu, ratiba yangu ilikuwa na pengo jioni. Mimi ni mwalimu, watoto wakikaa bila kipindi silali vizuri, nikafikiri ingekuwa vyema tukipata mzee mmoja wa kutuongoza. Wanangu wamezaliwa mjini, hawajui mti hata mmoja kwa jina, hawajui wimbo wa kwao. Nikaenda sokoni kwa muuza unga mmoja anayejua watu wote, nikamwambia (kwa mdomo wangu huu, hakuna aliyenilazimisha), "Natafuta mzee anayejua kukaa na watoto wa kiume porini, awafundishe nyimbo za zamani, miti, na adabu kidogo."

"Huyo ni Mzee Mchopa wa Likunja," akasema bila hata kufikiri. "Hakuna mwingine."

Kesho yake Mzee Mchopa akashuka kwenye bodaboda mlangoni kwangu, kavaa koti zito na jua lile, begi dogo kwapani, mzee mfupi mwenye haraka zake. Nikamwamkia, nikampa kiti, akakataa kiti, akataka kuwaona watoto. Nikawaita. Akawazunguka.

"Wameshanyolewa," akasema.

"Ndiyo, babu."

"Tohara?"

Nikashtuka kidogo, lakini wazee wanauliza chochote. "Walishafanyiwa hospitali, zamani."

"Kwa hiyo ni mafundo tu."

"Mafundo tu, babu, hatutaki mambo mengi."

"Mjomba wao yuko wapi?"

"Yuko Mbekenyera."

"Anajua?"

Ndugu zangu, hapa nilikuwa na nafasi ya mwisho ya kuokoka. Nilichotakiwa kusema ni "hajui," au hata "kwani vipi?" Lakini nilikuwa nimeacha maharage jikoni, na nilijua nikisema hajui mzee ataanza hotuba, nikasema, "Anajua, babu. Ameridhia kabisa."

"Anaitwa nani?"

Nikamtajia, tena na jina la baba yetu nikaweka. Mzee akatikisa kichwa ameridhika. "Vizuri. Siku hizi wengi mnawaruka wajomba." Nikamtajia siku yenyewe na lile bwawa, akapanda bodaboda yake akaondoka.

Mtu mzima, na cheti changu cha ualimu, nimezaliwa Mbekenyera, nimekua nasikia ngoma za jando kila mwaka watu wakishavuna, mzee ananiuliza nywele, ananiuliza tohara, ananiuliza mjomba, na mimi nimekimbilia maharage. Maharage yenyewe yaliungua. Mume wangu simlaumu, yeye alikuwa juu ya nguzo ya mtu siku hiyo, na hata angekuwepo, Mrangi wa watu angejuaje kwamba nimeajiri nyakanga, mkuu wa jando, anayeheshimika kuanzia Likunja mpaka Ruangwa mjini, na kwamba nyakanga hawezi kugusa mtoto wa mtu bila kwenda kwanza kumsalimia mjomba wake?

Basi siku ikafika. Tumefika bwawani saa nne asubuhi, mapokezi akatupokea dada mmoja anaitwa Neema, mwenye daftari kubwa na sauti ndogo, akaandika, "Watu wanne, hema moja," akatuonyesha ubao wa masharti, la kwanza likiwa makelele hayaruhusiwi. Nikamwambia dada, sisi ndio watu wako, tumekuja kutafuta kimya.

Hema lilitutoa jasho. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kichina, mume wangu akasema umeme ni umeme na hema ni hema, akaanza kuunganisha fito kwa akili zake, likasimama, likainama, likamwangukia, akawa anatembea ndani yake anatafuta mlango huku Yusufu anagaagaa chini kwa kicheko. Kulikuwa na vijana fulani wamekuja kutoka Dar wamekaa kibanda cha pili, simu zao juu wanachukua video. Nikawapungia mkono. Sikujua kwamba watabaki na chaji mpaka baadaye.

Mwishowe likasimama. Watoto wakaingia kwenye boti, mume wangu akawasha moto, na mimi nikakunjua kiti changu, nikaweka miguu kwenye maji, kikombe cha chai mkononi. Nasema kweli, nilipata saa moja. Upepo wa mwezi wa sita ule wa baridi kidogo, jua la kuota, watoto wanapigizana kelele kwa mbali. Saa moja ile ilikuwa tamu, na hakuna mtu anayeweza kuninyang'anya.

Halafu nikasikia ngoma.

Nikadhani ni wale vijana wamefungulia spika, nikataka kumwita Neema awaambie wapunguze, lakini ngoma ilikuwa inakaribia, na spika haitembei. Vikafuata vigelegele. Ikafuata sauti moja ya kike inaongoza wimbo, na sauti ile naijua hata nikiwa usingizini, ni ya Wifi Hadija.

Lori la kubebea ufuta likaingia getini limejaa watu mpaka wengine wamekaa juu ya bodi, wanawake wamevaa kanga za sare, wanaume na ngoma tatu, masufuria, mikeka, magunia, kuku wamefungwa miguu wananing'inia kichwa chini. Neema katoka mbio na daftari lake anauliza, "Jamani, mmeweka nafasi? Jamani!" na hakuna anayemsikia. Mbele, pembeni ya dereva, amekaa Mzee Mchopa, kashika mgwisho kama chifu, na kando yake Kaka Issa, kanzu nyeupe, kofia mpya, na lile koti alilolivaa siku ya harusi yake.

Mume wangu akaniangalia. "Ulialika watu?"

"Sikualika mtu."

"Basi hawa wamejialika wengi."

Kaka Issa akashuka. Akanishika mikono yote miwili, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi, mtu ambaye siku tunamzika baba alishika jembe hakulia. Akageuka kwa watu, akasema kwa sauti kubwa, "Dada yangu kanikumbuka! Kamtuma mzee nyumbani kwangu, kaniita kwa heshima, niwapeleke wapwa zangu!" Vigelegele. "Ufuta nimeuacha juu ya chanja!" Vigelegele tena. Wakati ule sikuelewa kwa nini anawaambia wao zaidi kuliko mimi.

Na hapo hapo yote yakanijia kwa mkupuo, vipara, marekani nyeupe, hongera mwalimu, tohara, mafundo tu. Na naomba msinihukumu, nikaamua kunyamaza. Nilimwona kaka yangu alivyopendeza, alivyosimama na koti lake mbele ya watu wa kwetu, nikasema moyoni, ukweli hapa utamsaidia nani? Nitanyamaza, atafurahi, nitakufa na siri yangu.

Mzee Mchopa akanyanyua mgwisho, ngoma zikatulia. "Mama wa watoto aseme."

Nikasema, "Mimi nimewakabidhi wanangu kwa mjomba wao."

Vigelegele vikapanda mpaka ndege wakaruka mitini. Nikashusha pumzi. Nilikuwa nimepona! Na ningepona kabisa, kama si mume wangu, ambaye kwa miaka kumi na minne ya ndoa hajawahi kuongea mbele ya wakwe zaidi ya salamu, na siku hiyo akaona ni vibaya kukaa kimya wakati wageni wamefika. Akasogea mbele, mikono kifuani kwa adabu.

"Shemeji, karibuni sana, tumefurahi mno. Kwa kweli hata sisi tulitaka kukwambia kuhusu safari hii, ila Mama Shamte alisema usiambiwe, utakuja na watu wengi, ndiyo maana tukasema watoto wana tuisheni. Lakini mmefika, karibuni."

Akatabasamu. Hakuna aliyetabasamu naye. Mpiga ngoma mmoja aliyekuwa anaipapasa ngoma yake taratibu akaondoa mkono. Wifi Hadija alibaki na mdomo wazi, kigelegele kimeishia njiani.

Nikataka kumkimbilia kaka yangu, nikakanyaga kanga yangu, ikabaki nyuma, mimi nikaenda mbele, nikateleza kwenye tope mpaka miguuni kwake. Huo ndio ukweli, sikupiga magoti, nilianguka. Lakini nikiwa pale chini nikaona mahali penyewe ndipo panaponistahili, nikabaki.

"Kaka, nilikudanganya," nikasema, na kilio kikanishika. "Hakuna tuisheni. Na mzee sikumtuma kwako, nilimtafuta awafundishe watoto nyimbo, aliponiuliza kama unajua nikasema unajua ili aondoke, nina maharage jikoni. Na ile ya hospitali nayo nilikwambia ikiwa imeshapita. Nimekuruka mara mbili, kaka, na wewe ndiye ulinibebea godoro."

Kaka Issa akakunja kanzu yake akachuchumaa, uso wake karibu na wangu. Nilingoja anipige maneno. Akasema kwa sauti ya chini, "Najua."

"Unajua nini?"

"Najua hukunituma mtu. Wewe toka lini ukatuma mzee kwa bodaboda na simu iko mkononi saa zote? Na tuisheni ya likizo nzima? Nimesomesha mimi, naijua shule." Akanifuta tope shavuni kwa pindo la kanzu yake nyeupe. "Miaka saba, mdogo wangu, watu wananiuliza, Issa, wapwa zako utawaingiza lini jandoni? Mimi nacheka tu, nabadilisha habari. Sasa mzee kaingia uani kwangu, majirani wamejaa tunakung'uta ufuta, akanisalimia mbele yao, akasema wewe ndiye mjomba, nimekuja kwako. Nikajua hapa kuna kosa mahali. Nikasema, acha akosee."

Mimi nilidhani nimeshalia, kumbe nilikuwa bado. Nikamkumbatia na tope langu lote, koti la harusi likaharibika, na wale vijana wa Dar wakapata sehemu yao nzuri.

"Mmemaliza?" akauliza Mzee Mchopa. "Mimi nimeshatoka nyumbani. Ngoma ikishapigwa hairudishwi ndani ya gari." Akaliendea hema langu la chungwa, akalizunguka, akakipiga teke kigingi chake. "Ndilo hili likumbi?" (Likumbi ni kile kibanda cha jando wanacholala watoto.)

"La Kichina, babu," mume wangu akajibu.

"Litafaa. Wanawake wote nyuma ya ule mti. Na mama mtu nyuma zaidi."

Basi ndivyo nilivyofukuzwa kwenye hema langu mwenyewe. Safari niliyoipanga kwa rula, nikaimalizia hatua hamsini kutoka kwenye kiti changu cha kukunja, ambacho alikalia Mzee Mchopa siku zote mbili, akinung'unika kwamba jando la siku mbili hajawahi kuliona, hili ni jando la likizo. Chakula tulipika sisi, tunakiweka kwenye gogo, mwanamume anakuja kukichukua. Mume wangu walimuuliza kama kwao Kondoa alifundwa, akasema ndiyo, mzee akamtazama tangu kichwani mpaka miguuni, akasema kaa na hawa tuhakikishe. Akakaa na wanawe. Mpaka leo nikimuuliza walifundishwa nini ananiambia hayo si ya wanawake, Mrangi yule!

Na raha ilikuwa huku kwetu pia. Wifi Hadija alinivua ile nguo ya tope akanifunga kanga yake, akaniambia, "Wewe na maharage yako," akacheka mpaka akakaa chini, na kuanzia hapo kila mwanamke aliyepita alinikumbusha nisiunguze. Kuku waliliwa, ugali ulisongwa kwenye masufuria ya msiba, wale vijana wa Dar waliweka simu chini wakafundishwa kucheza, na Neema, aliyekuwa ameshika kichwa getini, alasiri ya pili nilimkuta katikati ya duara, daftari kalifunga kiunoni kwa kanga, anakata nyonga kuliko sisi tuliozaliwa nayo. Mwenye sehemu yenyewe alipopita kuona, akala, akashiba, akasema turudi mwakani. Usiku tulilala kwenye mikeka tumebanana, shangazi mmoja anakoroma sikioni kwangu, nikalala kuliko nilivyowahi kulala.

Asubuhi ya mwisho wakawatoa. Kaka Issa aliwaletea nguo mpya, mashati na suruali alizoshonesha Ruangwa (kumbe vipimo alikuwa navyo, alikuwa anavichukua kila wakienda kwake likizo, kimya kimya, kila mwaka vipya). Wamepakwa mafuta, vipara vinang'aa, wanatembea nyuma ya mjomba wao taratibu, ngoma zinalia. Yusufu wangu, ambaye siku zote ananiamkia huku anakimbia, akasimama mbele yangu, akainamisha macho, akasema, "Shikamoo, mama." Nikaitikia marahaba. Kaka Issa akaweka mkono mmoja juu ya kichwa cha huyu na mmoja juu ya kichwa cha yule, akawapitisha mbele za watu wa Mbekenyera mmoja mmoja, akisema, "Hawa ni wangu. Hawa ni wangu." Nilifurahi, jamani. Nilifurahi mpaka nikajichukia kwa ile miaka saba.

Video ilifika Nachingwea kabla yetu. Jumatatu kwenye kundi la simu la walimu ilikuwa imeshatazamwa na kila mtu, mkuu wa shule akaniuliza kwa upole kama nyumbani ni salama, na wanafunzi wangu wa darasa la nne mpaka leo nikiteleza kidogo kwenye sakafu wanaziba midomo. Sawa. Nimestahili. Nimeapa mbele ya mume wangu kwamba sitamruka kaka yangu tena, si kwa safari, si kwa jambo la mtoto, hata likiwa dogo kama kung'oa jino.

Na mwezi wa tisa Shamte akamaliza darasa la saba, na mwezi wa kumi na mbili akachaguliwa shule ya bweni. Bahasha ya barua yake nilikabidhiwa ofisini saa nne asubuhi, walimu wenzangu wananizunguka, fungua tuone, fungua. Nikaitia kwenye mkoba. Nikapanda basi dogo mpaka Ruangwa, nikapanda bodaboda mpaka Mbekenyera, nikamkuta Kaka Issa amekaa uani na majirani zake wanachambua korosho, mikono imejaa vumbi. Nikampa bahasha, bado imegundishwa. Akaigeuza, akaona jina la mtoto, akaniuliza, "Hujaisoma?" Nikamwambia bado. Akanawa mikono, akaikausha kwa shati, akaichana bahasha taratibu ukingoni asiiharibu, kisha akaisoma barua kwa sauti kubwa, neno kwa neno, mpaka orodha ya ndoo na fagio, na mimi nikakaa chini kwenye mkeka pamoja na majirani, nasikiliza.